Kwa nini wastani wa nusukipenyo haukupi ujazo wa ndoo

Swali: Shikamoo mwalimu. Narudia masomo ya sekondari nikiwa mtu mzima, na mada ya ujazo inanitesa. Kanuni zote nimezikariri, lakini nikikutana na swali sijui lini nagawanya kwa tatu na lini sigawanyi. Juzi nilipata swali la ndoo: kimo chake sm 30, nusukipenyo cha mdomo sm 15, nusukipenyo cha kitako sm 10. Inachukua lita ngapi? Nilitafuta wastani wa nusukipenyo, yaani sm 12.5, nikakokotoa kama silinda, nikapata lita 14.7. Kitabu kinasema 14.9. Nimekosea wapi? Na je, ndoo hiyo ikitiwa maji hadi nusu ya kimo, si itakuwa na nusu ya ujazo?

Jibu: Marahaba. Kuzidisha na kugawanya umefanya sawasawa. Tatizo ni kile ulichokitafutia wastani. Umetafuta wastani wa nusukipenyo, ilhali ujazo hujengwa na maeneo yanayopandana kutoka kitako hadi mdomo. Eneo la duara linafuata mraba wa nusukipenyo, na hapo ndipo zile mililita karibu mia mbili zilipokuponyoka. Nitakurudisha kwenye ndoo yako, ila kwanza tupitie njia ndefu kidogo, kwa sababu ukielewa theluthi inatoka wapi, suala la lini ugawanye kwa tatu litajimaliza lenyewe.

Anza na umbo ambalo ukilikata mlalo mahali popote unapata mkato uleule: boksi, silinda, mche wenye kitako cha pembetatu. Kwa maumbo haya yote kanuni ni moja tu:

Ujazo = eneo la kitako × kimo

Ile πr²h unayoikariri kwa ajili ya silinda si kanuni nyingine. πr² ni eneo la duara, na h ni kimo, basi. Wanafunzi wengi hufika hapa wakiwa na kanuni nne kwenye daftari, na huwa nawaambia wafute tatu. Ukijua kutafuta eneo la kitako, la pembetatu, la trapeza, la pembesita, la duara, tayari unajua ujazo wa kila mche.

Vipi kama mche umeinama, haukusimama wima? Chukua rundo la karatasi lililopangwa vizuri mezani, ulisukume taratibu lilale upande. Hakuna karatasi iliyoongezeka wala iliyopungua, na urefu wa kwenda juu ni uleule. Kwa hiyo ujazo haubadiliki, mradi kimo ukipime wima kutoka mezani na si kwa kufuata ubavu ulioinama. Wazo hili lina nguvu kuliko linavyoonekana. Linasema kwamba maumbo mawili yenye kimo sawa, yakikatwa mlalo kwenye kila usawa na kukutwa na mikato yenye maeneo sawa, yana ujazo sawa, hata kama sura zake hazifanani kabisa. Mtaliano Bonaventura Cavalieri alilichapisha mwaka 1635, na huko China Zu Geng alikuwa amekwisha kulitumia zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Lishike vizuri, maana tutalitumia mara mbili.

Sasa theluthi. Chora mchemraba wenye upande a. Weka nukta katikati yake kabisa, ndani, kisha unganisha nukta hiyo na pembe zote nane. Mchemraba umegawanyika kuwa piramidi sita, kila uso ukiwa kitako cha piramidi moja, na zote zinakutana ncha kwa ncha pale katikati. Piramidi hizo ni sawa kwa kila hali, kwa hiyo kila moja ina ujazo wa a³ ÷ 6. Kitako cha kila moja kina eneo la a². Kimo chake je? Ni nusu ya upande, a ÷ 2, kwa kuwa ncha iko katikati. Zidisha eneo la kitako kwa kimo, unapata a³ ÷ 2. Lakini ujazo halisi ni a³ ÷ 6, yaani theluthi ya hicho. Theluthi imetoka hapo, bila kuambiwa na mtu.

Utasema hiyo ni piramidi moja maalumu. Kweli. Lakini ukiivuta kwenda juu iwe ndefu mara mbili, kila kipande chake chembamba kinakuwa kinene mara mbili, na ujazo unakuwa mara mbili, kwa hiyo theluthi inabaki. Ukiisukuma ncha pembeni, rundo la karatasi linakwambia ujazo haubadiliki. Na ukibadilisha kitako, badala ya mraba ukaweka duara lenye eneo lilelile, unapata koni. Katika piramidi na katika koni, mkato ulio nusu ya njia kutoka kwenye ncha una eneo la robo ya kitako, ulio theluthi ya njia una eneo la moja ya tisa, na hivyohivyo kila mahali. Mikato inalingana kwenye kila usawa, basi na ujazo unalingana. Ndiyo maana umbo lolote linalopungua kwa mistari iliyonyooka kutoka kitako hadi ncha moja lina ujazo huu:

Ujazo = ⅓ × eneo la kitako × kimo

Lini ugawanye kwa tatu? Angalia umbo linavyokwenda juu. Likibaki na upana uleule hadi mwisho, hugawanyi. Likiishia kwenye ncha kwa ubavu ulionyooka, unagawanya. Jibu liko kwenye mchoro, halihitaji kukaririwa.

Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba Democritus ndiye aliyeitaja theluthi hii kwanza, bila kuithibitisha, na kwamba uthibitisho ulitoka kwa Eudoxus. Jambo linalonivutia zaidi lilitokea karne nyingi baadaye. Eneo la pembetatu unaweza kulithibitisha kwa mkasi, ukaikata vipande na kuvipanga upya kuwa mstatili. Je, piramidi nayo inaweza kukatwa vipande vichache vyenye nyuso bapa, vikapangwa kuwa mchemraba? Mwaka 1900 David Hilbert alilitia swali la aina hiyo kwenye orodha yake maarufu ya matatizo ya hisabati, na mwanafunzi wake Max Dehn akathibitisha kwamba kwa jumla haiwezekani. Kwa hiyo usijione mzito wa kuelewa ukiona theluthi haikubali kuonyeshwa kwa kukata na kubandika tu. Njia ya mkasi peke yake haifiki huko.

Turudi kwenye ndoo. Ndoo yako ni koni iliyokatwa ncha, kisha ikageuzwa mdomo juu. Basi turudishe ile ncha. Nusukipenyo kinapungua kutoka sm 15 hadi sm 10 ndani ya kimo cha sm 30, yaani kinapungua sm 1 kila unaposhuka sm 6. Ili kiishe kabisa kutoka sm 15 inabidi ushuke sm 90. Koni nzima ina kimo cha sm 90, na kipande kilichokatwa kina kimo cha sm 60 na nusukipenyo cha sm 10.

Koni kubwa: ⅓ × π × 15² × 90 = 6,750π
Koni ndogo: ⅓ × π × 10² × 60 = 2,000π
Ndoo: 6,750π − 2,000π = 4,750π

Hiyo ni takriban sentimita za ujazo 14,923. Lita moja ni sentimita za ujazo 1,000, kwa hiyo ndoo inachukua lita 14.92. Kitabu chako kiko sahihi. (Ukitumia 22/7 badala ya π utapata 14.93, sehemu hiyo inazidi π kwa kiasi cha asilimia 0.04 tu, na haiwezi kukuangusha.)

Sasa linganisha na njia yako: π × 12.5² × 30 = 4,687.5π. Umepungukiwa 62.5π, yaani sentimita za ujazo 196 hivi. Angalia kwa nini, tukiacha π pembeni. Mraba wa nusukipenyo cha katikati ni 156.25. Panda hadi mdomoni unafika 225, umeongeza 68.75. Shuka hadi kitakoni unafika 100, umepunguza 56.25. Nusu ya juu inaongeza zaidi ya nusu ya chini inavyopunguza, ilhali silinda yako ya wastani ilidhani zinafidiana sawasawa. Ndiyo sababu njia hiyo daima hutoa jibu dogo kuliko la kweli, haijalishi ndoo ni ya vipimo gani, na kadiri mdomo unavyozidi kutofautiana na kitako ndivyo pengo linavyokua.

Huenda ukasema: basi nichukue wastani wa maeneo badala ya nusukipenyo. Jaribu. Wastani wa 225 na 100 ni 162.5, mara 30 ni 4,875π. Sasa jibu lako limezidi la kweli kwa 125π, mara mbili ya kosa la kwanza, na upande wa pili. Tazama vizuri hapo: mkato wa katikati unapunguza kwa kiasi fulani, wastani wa miisho unazidi kwa mara mbili ya kiasi hicho. Ukiupa mkato wa katikati uzito wa mbili na wastani wa miisho uzito wa moja, makosa yanafutana kabisa. Ukipanga hesabu hiyo vizuri unapata kanuni ambayo, kwa maoni yangu, ingefundishwa kabla ya nyingine zote:

Ujazo = kimo ÷ 6 × (eneo la chini + mara 4 eneo la katikati + eneo la juu)

Kwa ndoo: 30 ÷ 6 × (100 + 625 + 225)π = 5 × 950π = 4,750π. Imetua palepale.

Kanuni hii hubeba jina la Johannes Kepler, aliyechapisha kitabu kizima kuhusu ujazo wa mapipa mwaka 1615. Wakati wa harusi yake alimwona mfanyabiashara akipima mvinyo kwa kuingiza fimbo kwenye tundu la pipa na kutaja bei kwa urefu wa sehemu iliyolowa. Jambo hilo halikumtulia akilini, kwa sababu mapipa mawili ya maumbo tofauti yanaweza kulowesha fimbo kwa urefu uleule na bado yakabeba kiasi tofauti kabisa.

Ijaribu kwenye maumbo mengine uone. Koni: eneo la juu ni sifuri, la katikati ni robo ya kitako, kwa hiyo mabano yanakuwa kitako mara mbili, gawa kwa sita, theluthi imerudi. Silinda: maeneo yote ni sawa, mabano yanakuwa kitako mara sita, sita zinakatana. Tufe: kimo ni 2r, juu na chini ni nukta tu, katikati ni πr², kwa hiyo 2r ÷ 6 × 4πr² = 4/3 πr³. Kanuni moja, na kila ulichokikariri kiko ndani yake.

Hilo la tufe lastahili uthibitisho wake, usilipokee kwa imani tu. Weka nusutufe yenye nusukipenyo r juu ya meza, uso bapa chini. Pembeni yake weka silinda yenye nusukipenyo r na kimo r, kisha toboa ndani yake koni yenye ncha chini na mdomo juu. Kata vyote viwili kwa usawa wa y kutoka mezani. Kwenye nusutufe, Pythagoras anakwambia mraba wa nusukipenyo cha mkato ni r² − y², kwa hiyo eneo ni π(r² − y²). Kwenye silinda iliyotobolewa unapata pete: duara la nje ni πr², tundu ni πy², na kinachobaki ni πr² − πy². Maeneo ni sawa kwenye kila usawa! Basi, kwa hoja ya rundo la karatasi, nusutufe ni silinda toa koni: πr³ − ⅓πr³ = ⅔πr³. Mara mbili yake ni 4/3 πr³. Koni, nusutufe na silinda zenye kitako kimoja na kimo kimoja zinasimama kwa uwiano wa 1 : 2 : 3. Archimedes alithibitisha kwa njia yake kwamba tufe ni theluthi mbili za silinda inayoizunguka kwa kugusana, akaithamini kazi hiyo hata akataka umbo hilo lichorwe kwenye kaburi lake. Mwaka 75 kabla ya Kristo, Cicero alipokuwa na wadhifa wa serikali ya Roma huko Sicily, alilitambua kaburi hilo kwenye vichaka nje ya Syracuse kwa kuona mchoro wa tufe na silinda.

Kuna tahadhari moja juu ya kanuni ya mikato mitatu. Inatoa jibu kamili pale ambapo eneo la mkato linabadilika kwa kufuata kimo, mraba wa kimo au mchemraba wa kimo, na hilo linajumuisha karibu kila umbo la sekondari. Kwa pipa lenye ubavu uliopinda kwa namna nyingine inakupa makadirio mazuri, si jibu kamili. Ukitaka karibu zaidi, ligawe pipa vipande viwili au vitatu kwa kimo na uitumie kwenye kila kipande.

Faida yake nyingine utaiona kwenye shimo la mstatili. Tuseme mdomo ni mita 6 kwa 4, sakafu ni mita 4 kwa 1, kina ni mita 3, na kuta zinainama kwa mstari ulionyooka. Watu wengi huchukua kanuni ya piramidi iliyokatwa ncha, ile yenye kipeuo cha pili cha maeneo mawili yakizidishwa, na kupata mita za ujazo 37.8. Si sahihi, kwa sababu kuta hizo ukizirefusha hazikutani kwenye nukta moja. Mdomo na sakafu havina uwiano mmoja. Mkato wa katikati ni mita 5 kwa 2.5, yaani 12.5. Basi 3 ÷ 6 × (4 + 50 + 24) = mita za ujazo 39. Hiyo ni kamili. Tofauti ya mita moja na zaidi ya udongo si ya kupuuzwa na mtu anayelipia uchimbaji.

Nimalizie na mitego ambayo naiona kwenye karatasi za wanafunzi mara kwa mara, ili isikukute. Swali likikupa kipenyo, kigawe kwa mbili kabla hujafanya lolote. Ukisahau, silinda na koni zitatoka mara nne, na tufe mara nane. Ukipewa urefu wa ubavu wa koni, hicho si kimo. Ubavu wa sm 13 na nusukipenyo cha sm 5 vina kimo cha sm 12, kwa Pythagoras, na ujazo ni 100π. Vipimo vyote viwe vya aina moja kabla ya kuzidisha, na kumbuka mita moja ya ujazo ni lita 1,000 lakini ni sentimita za ujazo milioni moja, si mia. Kwa chombo halisi, pima ndani, maana unene wa ukuta haushiki maji. Na chukua muda zaidi kwenye nusukipenyo kuliko kwenye kimo: ukikosea kimo cha silinda kwa asilimia 1 ujazo unakosea kwa asilimia 1, ila ukikosea nusukipenyo kwa asilimia 1, ujazo unakosea kwa karibu asilimia 2, na kwenye tufe karibu 3.

Sasa swali lako la pili. Maji yakifika sm 15, nusukipenyo cha uso wake ni sm 12.5, na cha katikati ya maji ni sm 11.25. Basi 15 ÷ 6 × (100 + 506.25 + 156.25)π = 1,906.25π, yaani lita 5.99. Nusu ya ndoo ingekuwa lita 7.46, kwa hiyo umepungukiwa karibu lita moja na nusu. Ukitaka kuchora alama ya nusu ya ujazo, rudi kwenye zile koni mbili: koni zinazofanana zina ujazo unaofuata mchemraba wa nusukipenyo, kwa hiyo kwenye alama hiyo r³ iwe katikati ya 10³ na 15³, yaani 2,187.5. Kipeuo chake cha tatu ni 12.98 hivi. Nusukipenyo kimeongezeka sm 2.98 kutoka kitakoni, na kila sentimita moja ya ongezeko ni sm 6 za kimo. Chora alama kwenye sm 17.9.